Tone la Mvinyo Juu ya Mkate

Kama ulikuwa mtu wa mji wetu kabla mambo hayajaharibika, basi uliozwa, ulibatizwa au ulifiwa mbele ya Jumberi. Kazi iliyomlisha ilikuwa kukata na kufunga vioo vya madirisha, lakini hakuna aliyemjua kwa kazi hiyo. Watu walimwita tamada, mkuu wa meza, kwa sababu huku kwetu Imereti, na Georgia nzima, mvinyo haunywewi hivihivi kama maji ya bomba. Kila glasi hutanguliwa na neno, neno hutolewa na tamada, na mpaka alimalize hakuna mdomo unaogusa glasi.

Alikuwa mtu mfupi, masikio makubwa, vidole vimejaa makovu ya vioo. Ukimkuta barabarani amebeba fremu begani ungempita bila kumsalimu. Lakini akishasimama kwenye kichwa cha meza na glasi mkononi, mtu mfupi yule alikuwa anaonekana na ukumbi mzima. Mkewe, Lamara, alizoea kumtania mbele za watu. "Huyu angekuwa analipwa kwa maneno," alikuwa akisema, "saa hizi mimi ningekuwa nalalamika joto Batumi, miguu baharini."

Sifa zake zilianzia kwenye harusi moja, ambapo baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi walichomoleana visu kwa ajili ya mpaka wa mizabibu. Jumberi alipanda juu ya kiti akatoa neno la marehemu. Akawataja baba zao wawili, jinsi walivyochimba ule mtaro wa mpaka pamoja kwa jembe moja, wakipokezana. Katika neno la marehemu watu wote husimama, kila mmoja hushika kipande cha mkate na kukidondoshea tone la mvinyo kabla ya kunywa. Hilo hufanywa kwa wafu tu. Mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na akishakua hata halifikirii tena, mkono unakwenda wenyewe. Basi wale wazee wawili wakadondoshea mikate yao, kila mmoja kwa baba wa mwenzake, wakaishia kulia, kila mmoja shingoni mwa mwenzake.

Tangu siku hiyo Jumberi aliamini jambo moja: kwamba watu waliodondosheana mkate kwa ajili ya wafu wao hawawezi kuuana. Aliamini kwa moyo wote, maskini. Na nisijifanye mjanja, hata sisi tuliamini.

Halafu serikali ikaanguka. Kule Tbilisi, mji mkuu, wakubwa walipigana kwa mizinga katikati ya jiji, na sisi huku tuliletewa matokeo. Umeme ukakatika, kiwanda kikafungwa milango, polisi wakavua magwanda wakaenda kulima viazi. Mji ukabaki na mabwana wawili.

Wa kwanza alikuwa Valiko, mwizi mkongwe aliyemaliza nusu ya maisha yake katika magereza ya Siberia, akarudi na heshima ambayo hakuna mkurugenzi aliyewahi kuipata. Ukoo wake wote ulikuwa kazini, ndugu, wapwa na wakwe. Soko lilikuwa lao, petroli ilikuwa yao, na kinu cha unga kilikuwa chao. Wa pili alikuwa Gocha. Huyu Gocha alikuwa mpiga picha za harusi. Ghala la silaha la jeshi lilipoachwa wazi, akakusanya vijana wasio na kazi, akawavalisha, akawaita jeshi la taifa. Cheo alijipa mwenyewe: Jumatatu alikuwa meja, Ijumaa tukaamka tuna kanali.

Walipigania kinu. Anayeshika unga ameshika matumbo yetu, na wote wawili walilijua hilo. Walipigana kuanzia vuli mpaka theluji ikaingia, mara huyu anakishika, mara yule, na kila kinu kilipobadilisha mikono mkate ulipotea. Mji mzima haukubaki na dirisha zima. Hapo ndipo Jumberi alipopata kazi nyingi kuliko wakati wowote maishani mwake, na kioo hapakuwa nacho hata kipande. Alizunguka na nyundo na karatasi za nailoni, akiziba madirisha ya watu, wanamlipa kwa maharage.

Alikuwa na mtoto mmoja, Mamuka, kijana mrefu mcheshi aliyerithi masikio ya baba yake. Kazi haikuwapo, isipokuwa kwa Valiko au kwa Gocha. Mamuka akachagua kuendesha lori la unga la Valiko, kwa hoja kwamba afadhali kushika usukani kuliko kushika bunduki. Lamara alimwambia kwamba katika mji huu siku hizi usukani na bunduki ni mamoja. Kijana akambusu mama yake kichwani, akaenda kazini. Asubuhi moja askari wa Gocha wakalisimamisha lori darajani. Lori likaonekana jioni likipita mjini na bendera yao. Dereva hakuonekana.

Jumberi akaenda kambini, ambako zamani palikuwa na shule ya muziki. Alimkuta Gocha ofisini, buti juu ya piano.

"Mjomba Jumberi! Pita, keti. Mbona umekonda hivyo?"

"Nimemfuata mwanangu."

"Mamuka hana shida yoyote. Anakula, analala, anawala vijana wangu kwenye karata. Wewe unaniona mimi ni mtu wa kumdhuru Mamuka? Si mimi niliyempiga picha siku ya ubatizo wake, yuko uchi, analia, anamkojolea padri?"

"Basi niitie nimwone."

"Utamwona. Lakini mjomba, nikimtoa hivihivi, Valiko ataniona mlaini. Mlete akae na mimi meza moja, tuumalize ugomvi huu kiume. Wewe uwe tamada. Meza ikifungwa tu, kijana wako anaingia kwa mlango, unamkumbatia."

Jumberi hakuona mtego. Kwa kweli alifurahi. Mtu alikuwa amemwomba jambo pekee duniani alilolijua vizuri, na malipo yake ni mwanawe. Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Lamara akapika maharage na karanga za jozi, akayafunga chunguni pamoja na soksi za sufu, yakapelekwa kambini. Kesho yake askari akarudisha chungu kimeoshwa. Lamara alikigeuza huku na huku, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya daraja.

"Jela imemtia adabu," alisema. "Huyu tangu azaliwe hajaosha hata kijiko."

Kumpata Valiko kulikuwa kugumu zaidi. Mzee yule alipokea wageni akiwa amejifunika blanketi, jenereta ikinguruma uani. Alimsikiliza Jumberi mpaka mwisho, kisha akauliza mdhamini wa mapatano hayo ni nani.

"Meza," Jumberi akasema.

Valiko alicheka mpaka akakohoa. "Bado unayaamini hayo?"

"Wewe huyaamini?"

Mzee alijivutia blanketi mabegani. Alisema Mamuka alikuwa kijana mzuri, kwamba hakuna dereva mwingine ambaye yeye Valiko alimheshimu hivyo, na kwamba mezani atakuja. Jumberi aliondoka na shukrani nyingi. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba mzee alisema "alikuwa".

Meza iliandaliwa nyumbani kwa Jumberi, saa ya mchana, maana jioni hapakuwa na taa. Majirani walileta walichokificha: mmoja jibini, mmoja bata mzinga, mmoja mkate wa ngano halisi ambao hatukuuliza umetoka wapi. Mvinyo ulitoka kwenye mtungi wa baba mkwe wake, uliozikwa ardhini tangu mwaka wa harusi yake na Lamara na kuwekewa harusi ya Mamuka. Waliufukua mapema. Lamara alikubali mwenyewe. Alisema, mwanawe akirudi ataoa kwa mvinyo wa dukani, si kitu.

Wageni walifika, wa Valiko wakakaa upande mmoja na wa Gocha upande wa pili. Bunduki zote zililazwa ndani ya beseni la kuogea, ambalo hata hivyo halikuwa limeona maji tangu kiangazi, na mlangoni pa bafu akakaa jirani yao Bibi Zhuzhuna akifuma fulana. Aliwaambia wale vijana wa pande zote mbili kwamba atakayesogea hapo kabla meza haijafungwa atachomwa sindano ya kufumia mahali ambapo mkewe atauliza. Wakacheka. Tukasema, wakishacheka pamoja, mambo yamekwisha.

Jumberi alitoa neno la amani, akatoa neno la nchi. Kati ya glasi na glasi wakubwa wawili wakazungumza biashara, na hilo likaenda kwa wepesi wa ajabu: askari walinde kinu, ukoo uuze unga, mapato wagawane. Hawakubishana hata kidogo. Mtu mwingine angejiuliza kama hawa hawakuwa wameshakubaliana zamani, na meza hii ni ya kuufunga mji macho tu. Jumberi hakujiuliza. Alikuwa anasikia sauti ya Lamara jikoni akiimba chinichini. Lamara alikuwa amemtengea Mamuka sahani yake na kuiweka karibu na moto isipoe.

Kisha likaja neno la marehemu. Wote walisimama. Jumberi akamtaja mpwa wa Valiko aliyeuawa penye kinu, akamtaja mdogo wake Gocha aliyeuawa sokoni. Aliwataja wote wawili kwa lakabu zao za utotoni, maana aliwajua tangu wanachunga bata. Valiko akadondoshea mkate wake kwa ajili ya mdogo wake Gocha, aliyeuawa na watu wake mwenyewe Valiko. Gocha alilia bila kujificha. Jumberi aliwatazama, moyo ukamjaa, akawa na hakika kwamba kijana wake amekwisha kurudi.

Baada ya wafu, desturi ni kunyanyua glasi kwa ajili ya watoto, ili meza isilale makaburini. Jumberi akajaziwa glasi.

"Tumewaheshimu waliotangulia," alisema. "Sasa tunywe kwa ajili ya watakaotuzika sisi. Nina mtoto mmoja. Hana akili nyingi, ana masikio yangu, na hajawahi kumdhulumu mtu. Ninakunywa kwa uhai wa Mamuka, na wa kila mtoto wa aliyekaa hapa. Gocha, wewe ulimwona akiwa hajatimiza hata miezi mitatu. Alaverdi kwako."

Mtu akipewa alaverdi amekabidhiwa neno alimalizie, na hana ruhusa ya kukataa. Gocha akasimama. Harusi alizohudhuria nyuma ya kamera yake zilikuwa nyingi mno, hangeshindwa kusema. Alieleza siku ile ya ubatizo, padri aliyelowa, Lamara mwenye aibu, mtoto anayepiga makelele kanisa zima, na jinsi alivyocheka mpaka picha ikatoka imetikisika. Aliongea vizuri, na nadhani kwa wakati ule mfupi alimpenda kijana yule kweli.

Kisha mkono wake wa kushoto ukachukua kipande cha mkate, na wa kulia ukakidondoshea mvinyo.

Hakujua amefanya nini. Alikuwa ameshaipeleka glasi mdomoni alipoona kwamba macho ya meza yote yako mkononi mwake. Akatazama mkate wake. Tone jekundu lilikuwa linaenea.

Vijana wa pande zote mbili wakageuza vichwa kuelekea bafuni. Bibi Zhuzhuna akaacha kufuma. Jumberi alimtazama Valiko, kwa kuwa Valiko ndiye aliyekuwa bosi wa Mamuka, na kama kuna mtu wa kuinuka na kupindua meza ile, alikuwa ni yeye. Valiko alikuwa ameona vizuri kuliko wote. Aliinamisha macho, akavuta sahani ya jibini, akajikatia kipande.

"Yuko wapi?" Jumberi akauliza.

"Mjomba..."

"Nakuuliza mwanangu yuko wapi."

Gocha alikaa. "Nyuma ya kiwanda cha matofali," alisema. "Ilikuwa siku ileile ya daraja. Aliruka kutoka kwenye lori akakimbia. Vijana waliogopa. Mimi sikuwepo, mjomba, nakuapia kaburi la mama."

"Na maharage?"

Gocha hakuelewa kwanza. Alipoelewa, alifunika uso kwa kiganja, akasema vijana walikuwa na njaa.

Neno moja la Jumberi lingetosha. Wale vijana walikuwa wamesimama nusu, wanangoja tu, na bafu lilikuwa hatua chache tu kutoka mezani. Wangeuana mpaka wa mwisho, na sijui kama mji ungelia. Lakini Lamara alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, bado anaimba.

"Kaeni chini," Jumberi akawaambia vijana. Wakakaa.

Valiko akafuta kisu chake kwa kitambaa. "Maliza meza, Jumberi," alisema kwa upole kabisa. "Limekwisha kutokea. Tutamchimbua kesho, tutamzika kama mwana wa mfalme, gharama zote juu yangu. Usiache damu ya mwanao ipotee bure. Ipate angalau amani."

Jumberi aliigeuza glasi yake kifudifudi juu ya kitambaa cha meza, mvinyo ukamwagika wote, akatoka kwenda kumwambia mkewe. Aliamini, na hili ndilo linaloniuma mimi kuliko yote, kwamba tamada akiiacha meza bila kuifunga, kila kilichosemwa juu yake kimebatilika. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Akiwa amemshika Lamara kule jikoni, amemkumbatia kwa nguvu asianguke juu ya moto, alisikia viti vikiburutwa, kisha sauti ya Gocha, laini, yenye mafunzo ya harusi zote zile, ikitoa neno la mwisho. Walifunga meza wenyewe. Wakagonga glasi. Wakachukua bunduki zao bafuni, kila mmoja yake, wakamuaga Bibi Zhuzhuna kwa heshima.

Na amani ile ilidumu, nisifiche. Risasi zilinyamaza. Mkate ulirudi sokoni kwa bei waliyoitaka wao, na hapakuwa tena na mtu wa pili wa kumkimbilia. Mwokaji mmoja aliyejaribu kuleta unga wake kutoka bondeni alivunjwa mikono yote miwili, mmoja na askari, mmoja na ukoo, kila upande haki yake. Watu waliita hali hiyo Amani ya Jumberi. Walimpa mkono barabarani, wakamwambia kwamba mwanawe hakufa bure. Aliwasikiliza. Nyumbani alimwambia Lamara kwamba maisha yake yote alidhani anawafanya watu wawe ndugu, na kweli amewafanya ndugu.

Hakukaa tena kwenye kichwa cha meza. Kwenye arobaini ya Mamuka alitoa neno padri. Ikapita mwaka, vioo vikaanza kuingia mjini kwa malori ya Valiko, Jumberi akafunga vya majirani na kukataa vya kambini, wakamleta fundi kutoka Kutaisi.

Kisha Gocha akapata mtoto wa kiume. Alituma mwaliko wa ubatizo kwa heshima zote, akaomba Jumberi aje hata kama hatasema kitu. Jumberi alitaka kuuchoma. Lamara, ambaye tangu mazishi alikuwa anaongea kidogo sana, akachukua pasi ya mkaa, akamnyoosha shati.

"Nenda," alisema. "Nenda ukae karibu na mkate."

Akaenda. Walimkalisha karibu na Gocha, chini ya dirisha jipya lenye kioo safi. Likafika neno la watoto. Tamada wa siku hiyo, kijana asiyejua mambo, alidhani anamheshimu mzee, akamsifu mtoto kisha akasema alaverdi kwa Jumberi.  Isipokuwa kijana huyo, hakukuwa na mtu mle ndani asiyejua kilichotokea kwenye meza ile nyingine.

Jumberi akasimama na glasi mkono wa kulia. Wa kushoto ukachukua kipande cha mkate.  Alisimama tu, glasi juu ya mkate, imeinama kidogo, na alisimama hivyo kwa muda mrefu. Mama wa mtoto alimkumbatia mwanawe akamgeuzia ukutani. Gocha, kanali wetu, aliyekuwa na walinzi milango yote, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo imekuwa myeupe. Jumberi alimtazama mpaka alipoona machozi. Kisha akainyoosha glasi, akainywa yote, akaula ule mkate mkavu, akaomba kofia yake.

Lamara alikuwa bado macho, amekaa kwenye kiti cha jikoni.

"Uliudondoshea?" akamwuliza.

"Hapana. Mtoto hana kosa."

Lamara akamwangalia akivua shati lile alilolinyoosha.

"Mamuka je," alisema, "alikuwa na kosa gani? Mimi ningemwaga glasi nzima."